Kanuni za rekodi za darasani chuoni: namna ya kuziandika bila kuishia kupiga marufuku simu

Sauti iliyonifanya niandike haya ilirekodiwa darasani kwangu, ilikuwa ya dakika 47, MB 22 na kidogo, na anayeongea mle ndani ni mimi. Nilikuwa nafundisha kifafa cha mimba kwa mwaka wa pili, nikatoa mfano wa mama mmoja aliyepokelewa wiki ile ile wodini, jina sikulitaja, ila nilisema ni mimba ya nne, katokea kata gani, mumewe dereva wa malori na ndo sababu rufaa ilichelewa maana jamaa alikuwa safarini na simu haipatikani. Mi nikajiona nimeficha. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa mdogo wake yule mama kaja getini anamuulizia mlinzi "yule madam anayetangaza wagonjwa yuko wapi", kumbe sauti ilishafika kwenye grupu la vikoba la mtaani kwao, na aliyeipeleka huko hata si mwanafunzi wetu.

Nilienda kuomba radhi kwa miguu yangu mwenyewe, hayo tuyaache. Baada ya hapo nikaingizwa kwenye kamati ya kuandika kanuni za kurekodi vipindi, nadhani ilikuwa namna ya kunipa adhabu bila kuiita adhabu. Chuo chetu ni cha afya, ngazi ya kati, wanafunzi mia tatu na kitu, hakina mwanasheria wala kitengo kikubwa cha tehama, kina kijana mmoja wa kompyuta ambaye pia ndo anayetengeneza projekta na kubadilisha wino wa printa. Kwa hiyo haya nayoandika ni kwa vyuo vya aina yetu, wakubwa wenye kurugenzi zao wataona mengine ya kuongeza.

Usianze na neno marufuku

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: ni marufuku kurekodi kipindi chochote kwa kifaa chochote. Mkuu wa chuo akaisaini, ikabandikwa ubaoni, tukapumua. Wiki haijaisha nikaona kwenye kiti cha mbele kimfuko cha peni kimesimama wima kizuri sana, kimeelekezwa kwangu, zipu iko wazi kidogo. Simu iko mle. Yaani mwanzo walikuwa wanaweka simu mezani naiona, sasa wamejifunza kuificha, na mimi nimepoteza kitu kimoja nilichokuwa nacho, kujua saa ngapi narekodiwa.

Ndo kosa la kwanza ambalo vyuo vingi vinafanya, na mi nalisema kwa sababu tulilifanya. Marufuku isiyoweza kusimamiwa inawafundisha watu kuficha tu. Na ukitaka kuisimamia kweli itabidi ukague simu za watu, uanze kufungua mafaili na picha kwenye simu za mabinti wa miaka 20 kutafuta sauti ya lekcha, hapo umetengeneza tatizo kubwa kuliko lile ulilokuwa unalikimbia.

Kwanza uliza nani anarekodi na anafanyia nini

Hii kazi ichukue hata wiki mbili, isikimbizwe. Sisi tuliwaita maCR (wawakilishi wa wanafunzi) wa madarasa yote, tukawapa soda, tukawaambia hakuna anayeandikwa jina hapa. CR wa mwaka wa pili, kijana mpole sana, akaanza: "Shikamoo Madam, samahani, naomba niseme ukweli?" Nikamwambia sema. "Madam wewe unaongea haraka, halafu unachanganya Kiingereza na Kiswahili, mtu akiandika hili lile limempita. Tukirekodi tunaenda kusikiliza usiku tunasimamisha tunaandika." Nikacheka lakini liliniingia.

Sababu nyingine zilizotoka: wapo waliorudishwa nyumbani kufuata ada na wenzao wanawatumia ili wakirudi wasikute wameachwa. Yupo dada mwenye mtoto mchanga ambaye kipindi cha saa moja asubuhi kwake ni bahati nasibu. Yupo mwanafunzi mwenye uoni hafifu ambaye slaidi zetu kwake ni ukuta mweupe tu, yeye bila sauti hana somo, na huyu si wa kumfanyia hisani, tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na elimu imo humo. Wapo wanaofanya vibarua usiku. Na tabia yenyewe kwetu ilikomaa baada ya vyuo kufungwa Machi 2020 na kufunguliwa Juni 1 mwaka ule ule, tulivyorudi tukawa tunakimbizana na mihula, wakufunzi wenyewe tukawa tunatuma sauti kwenye magrupu ili mada zisogee. Tukasahau kwamba sisi ndo tulianzisha.

Halafu likatoka lile ambalo hakuna mkufunzi aliyekuwa analijua. Stesheneri ya ng'ambo ya barabara, pale pale tunapotoa fotokopi za mitihani yetu (ndio, tunatolea pale, usinicheke), walikuwa wanauza madesa, yaani noti za kunakili, pamoja na sauti. Unaenda na flashi, unalipa buku (shilingi elfu moja), unawekewa muhula mzima. Sauti yangu ya miaka mitatu nyuma ilikuwa inauzwa, na ndani yake kuna dozi ya dawa ambayo mwongozo wake ulishabadilika. Fikiria mtu anasomea mtihani kwa dozi ile, au afadhali mtihani, fikiria anaenda nayo wodini.

Kwa hiyo usiandike kifungu hata kimoja kabla hujapata orodha yako ya namna hii. Ya kwenu itakuwa tofauti. Chuo cha ualimu kitakuta watoto wa shule za mazoezi wamo kwenye video, chuo cha sheria kitakuta wateja wa kliniki ya msaada wa kisheria, chuo cha uandishi wa habari watakuta mengine kabisa.

Tenganisha kurekodi na kusambaza

Kama utachukua kitu kimoja kwenye haya yote chukua hiki. Kurekodi ni kitendo kimoja, kutunza ni kingine, kusambaza ni kingine, na madhara karibu yote yako kwenye hicho cha tatu. Yule mama hakuumizwa na simu iliyokuwa mezani kwangu, kaumizwa na kidole kilichobonyeza forwadi. Ukivichanganya kwenye sentensi moja unaishia kumpiga aliyerekodi ili asome, na aliyesambaza anapita hivi hivi kwa sababu "mimi sikurekodi Madam, nilitumiwa tu".

Sisi tuliandika hivi, mnaweza kuichukua mkaibadilisha:

"Mwanafunzi aliyesajiliwa kwenye somo anaruhusiwa kurekodi sauti ya kipindi cha nadharia kwa ajili ya kujisomea. Mkufunzi akisema zima, kifaa kinazimwa mpaka atakaposema washa."

"Rekodi haitoki nje ya wanafunzi waliosajiliwa kwenye somo hilo muhula huo. Kutoa maana yake ni kuforwadi, kuweka mtandaoni, kuuza, kumpa mtu kwenye flashi, au kuifungulia kwa spika mahali penye watu wengine."

Hilo la spika lilileta mabishano marefu kweli kwenye kamati, mwenzangu mmoja akaona tumezidisha. Lakini mabweni yetu yako karibu na kijiwe cha bodaboda, na wanafunzi wanasikiliza huku wanafua nje. Tukaliacha.

Ona pia kwamba tumesema sauti. Video tuliiweka mbali, inahitaji ruhusa ya mkufunzi kabla ya kipindi, kwa sababu video inabeba sura za wenzako, nani kasinzia, nani kavaa nini, na hizo ndo zinazokatwa vipande vya sekunde kumi vikawekewa muziki. Wakufunzi wenzangu hofu yao kubwa ilikuwa hapo wala si kwenye kuibiwa somo.

Nani yumo ndani ya hiyo sauti

Ukikaa kuandika utajikuta unamfikiria mkufunzi tu. Lakini mle ndani yumo na mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga (hakuna swali la kijinga, ila yeye anajua lilikuwa la kijinga), yumo aliyesema "hata mama yangu ana sukari", yumo mgeni aliyealikwa kutoka hospitali ya mkoa, na kwetu yumo mgonjwa. Kila mmoja ana haki yake na hakuna aliyeulizwa.

Sheria zipo, na si lazima uwe wakili kuzisoma. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kiini chake kwa kazi yetu ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisitumike kwa sababu nyingine, na taarifa za afya ni nyeti, zinalindwa zaidi ya zile za kawaida. Majirani zetu Kenya wana sheria yao ya 2019 na wao hawatanii, Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Niliposoma figa hiyo kwenye kikao mhasibu wetu aliyekuwa anachati akaweka simu chini.

Upande wa hakimiliki, Mkataba wa Berne ambao Tanzania ni mwanachama umetaja kabisa mihadhara, hotuba na mahubiri kwamba ni kazi zinazolindwa. Kwa hiyo lekcha si maneno ya hewani tu ambayo yeyote anaweza kuyauza stesheneri. Ila swali la kazi hiyo ni mali ya mkufunzi au ya chuo, msibahatishe, chukueni mikataba ya ajira muisome mnakaa mezani wote, mliweke kwenye kanuni kwa sentensi moja, otherwise siku mkufunzi akihama chuo mtagombania sauti kama warithi.

Turudi kwa mgonjwa maana hapo ndo nilipoungua. Kuficha jina hakutoshi. Kata, idadi ya watoto, kazi ya mume, siku aliyopokelewa, ukiviweka pamoja mtaa mzima unajua ni nani, mji wetu wenyewe ni mdogo. Tukakubaliana wakufunzi wote, mfano wa mgonjwa ukitaka kuutoa unabadilisha angalau vitu vitatu ambavyo havigusi ugonjwa, mume dereva awe mvuvi, mimba ya nne iwe ya tatu kama haibadilishi somo, mwezi usitajwe. Kama huwezi kubadilisha kwa sababu ndo somo lenyewe lilipo, unasema "zima simu", unasubiri, unasimulia, unasema "washa". Inachukua nusu dakika. Mwanzoni niliona aibu kidogo, sasa hivi wanafunzi wenyewe nikianza kusema "kuna mama mmoja" wanaziinua simu juu kunionyesha zimezimwa, wengine kwa kejeli najua, lakini zimezimwa.

Na wodini, kliniki, na chumba cha mazoezi ya vitendo kikiwa na mtu halisi kitandani, tukasema hapana. Hakuna kurekodi kabisa, na ruhusa ya mgonjwa kwa mdomo haihesabiki maana mgonjwa aliyelala mbele ya vijana kumi na wawili waliovaa makoti meupe hawezi kusema hapana. Hapa ndo marufuku inafanya kazi, kwa sababu eneo ni dogo na mkufunzi anaona kila mkono.

Mwenye malalamiko asifungwe mdomo

Hiki kifungu karibu kitupite, na aliyetukumbusha ni binti wa mwaka wa tatu aliyesimama akauliza swali moja tu: "Na kama mwalimu ananiambia nije ofisini kwake usiku ndo anipe maksi zangu, nikirekodi hapo nimevunja kanuni?"

Chumba kizima kikawa kimya. Kwa rasimu iliyokuwa mezani jibu lilikuwa ndiyo, kavunja. Yaani tulikuwa tunaandika karatasi ambayo mkufunzi mwenye tabia mbaya angeweza kuishika mkononi akamtisha nayo mtoto wa watu. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Kanuni ya chuo haiwezi kukaa juu ya hiyo.

Tukaandika: "Kanuni hizi haziwezi kutumika kumwadhibu mtu aliyerekodi vitisho, unyanyasaji au kuombwa rushwa, mradi rekodi ameipeleka kwa mamlaka inayoshughulikia malalamiko, ndani au nje ya chuo." Hayo maneno "au nje ya chuo" kuna mtu aliomba yatolewe. Yalibaki, na mi ukiniuliza, mkiona kwenye kamati yenu kuna mtu anapigania sana yatoke, mwangalieni vizuri.

Faili zikae wapi

Ukiruhusu kurekodi bila kuonyesha pa kuweka, zitarudi WhatsApp tu. Na grupu la WhatsApp siku hizi linabeba watu hadi 1,024, CR wa leo alirithi grupu kutoka kwa CR wa mwaka jana, humo ndani kuna waliohitimu, waliodisco (walioondolewa chuoni kwa kufeli), aliyeacha chuo akaenda kufanya biashara Tunduma, na namba mbili ambazo hakuna anayezijua. Kabla ya lolote maCR wetu walisafisha magrupu, wakaanza mapya kila muhula kwa orodha ya usajili. La mwaka wa pili lilikuwa na watu 211, darasa lina watu 96.

Kama chuo kina Moodle au mfumo wowote wa kujifunzia, weka humo, unaingia kwa namba ya usajili na muhula ukiisha unafungwa. Kama hamna, sisi tulianza na kompyuta moja ya maktaba yenye folda za kila somo, mtu anakuja na simu anachukua kwa waya, kijana wa kompyuta anaandika nani kachukua nini. Ni ya kizamani lakini haitumii bando, na hili la bando msilidharau. Kipindi cha saa mbili kikirekodiwa sauti ya kawaida ya 64 kbps (kipimo cha ubora wa sauti) kinakula kama MB 58, ukishusha hadi 32 ni MB 29 na maneno bado yanasikika vizuri. Video ya saa mbili hata ile ya wastani inavuka GB moja. Mwambie mwanafunzi anayenunua bando la siku apakue GB moja ya somo moja, atakuambia ahsante Madam na ataenda stesheneri.

Faida nyingine ya chuo kutunza chenyewe ni kwamba mkufunzi anasikiliza kwanza. Nikikuta nimekosea dozi nairekebisha, nikikuta nimemtaja mtu nakata kile kipande. Kukata sauti si kazi ngumu, programu za bure zipo, kijana wetu alitufundisha alasiri moja, hata mzee wetu wa anatomia ambaye simu yake ni ya vitufe aliweza.

Tarehe ya kufuta muiandike kabisa. Sisi ni siku 30 baada ya matokeo ya sapu (mitihani ya marudio) kutoka, maana mwenye sapu ndo anayezihitaji kuliko wote. Mwenye mahitaji maalum anaongezewa muda kwa maandishi, bila kuombaomba kila muhula.

Hizi programu za kugeuza sauti kuwa maandishi

Hili ni jipya, sera nyingi za zamani halimo. Wanafunzi sasa hivi hawasikilizi tena, wanaipakia lekcha kwenye programu ya mtandaoni inawaandikia noti na kuwafupishia. Sina ugomvi na noti, ugomvi ni kwamba sauti imeshatoka chuoni, imeenda kukaa kwenye kompyuta ya kampuni ambayo hatujui iko nchi gani, na sheria yetu ya taarifa binafsi ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Pia zinakosea. Nilijaribu mwenyewe kwa kipindi changu, Kiswahili changu cha haraka chenye Kiingereza katikati kilitoka vituko, "kondo la nyuma" lilitoka "gondola nyuma", na miligramu ikawa gramu sehemu moja. Gramu!

Tulichofanya, tukaruhusu zile zinazofanya kazi ndani ya simu au kompyuta bila kupeleka sauti nje, nyingine mpaka chuo kiseme. Na noti zilizotoka kwenye rekodi tukazihesabu kama rekodi, hazisambazwi nje vile vile. Haitazuia wote, najua. Ila siku tatizo likitokea kuna mstari wa kuonyesha.

Wakufunzi ndo wagumu

Nilidhani wanafunzi ndo watasumbua. Wakufunzi waligoma karibu mwezi, na walikuwa na hoja. Wa kwanza alisema, leo mnarekodi kwa ajili ya wanafunzi, kesho mkuu wa idara anasikiliza rekodi anasema huyu anafundisha vibaya asiongezewe mkataba. Wa pili, mkishakuwa na sauti zangu za muhula mzima si mtazicheza mwakani bila mimi? Sasa hapo huwezi kusema "hapana hatutafanya" ukategemea waamini, andika. Tuliweka kifungu kwamba rekodi hazitumiki kumpima mkufunzi wala kufundishia badala yake bila idhini yake ya maandishi. Kikao kilichofuata kiliisha kwa dakika arobaini.

Mkufunzi ambaye bado hataki, mpe njia. Anaweza kukataa kurekodiwa mada fulani au somo zima, ila atoe kitini kinachotosha siku ile ile. Ukiona kazi ya kuandika kitini ilivyo utakubali kurekodiwa mwenyewe, tulikuwa na watatu wanaokataa, muhula uliofuata kabaki mmoja.

Adhabu

Fupi tu. Iwe na ngazi, na ianze na kitendo cha kurekebisha: aliyesambaza anafuta kwa wote, anaandika orodha ya alikopeleka, anaenda na mlezi wa wanafunzi kuomba ifutwe huko. Akirudia, kamati ya nidhamu. Kuuza na kusambaza taarifa za mgonjwa vinaenda moja kwa moja kamati ya nidhamu. Mtu akijitokeza mwenyewe ndani ya saa 24 kwamba kaituma pasipo kukusudia, haadhibiwi mara ya kwanza, kwa sababu kwenye saa zile za mwanzo kinachotafutwa ni kujua imefika wapi, na mwenye hofu ya kudisco hawezi kukuambia. Na chuo hakikagui simu ya mwanafunzi. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kuzitangaza

Ukurasa mmoja, Kiswahili mbele Kiingereza nyuma. Sisi ya kwanza ilikuwa kurasa tisa, hakuna aliyesoma, hata mimi niliyeandika nilikuwa natafuta vifungu. Zisomwe kwa sauti wiki ya kwanza ya muhula darasani, si kwenye mahafali wala kwenye ubao wenye matangazo ya vyumba vya kupanga. Mwanafunzi asaini kwenye fomu ya usajili wa masomo ili ridhaa iwe ya kila muhula. Mgeni mwalikwa aulizwe kabla hajapanda mbele, na akikataa simu zinazimwa bila maswali. Mlangoni tumebandika karatasi ya A4 yenye maneno manne, REKODI SOMO, USISAMBAZE WATU, aliyetunga ni CR wa mwaka wa pili.

Stesheneri nayo tuliifuata. Mwenye nayo tulimpelekea barua, alikuwa mstaarabu, akafungua kompyuta mbele yetu tukafuta folda moja moja, akauliza kama anaweza kubaki na ile ya fiziolojia kwa sababu mwanae anaisomea. Tukamwambia mwanae aje ajisajili.